Maboga Yaliyoiva Siku ya Kimya

Men Rasmini hakuwahi kuchaguliwa kuongoza kitu chochote chenye muhuri, lakini alizaliwa mkubwa, na hilo lilimtosha. Pale kijijini Tegalkayu, kama ilivyo kisiwa kizima cha Bali, mama huitwa Men na baba Pan, pamoja na jina la mtoto wao wa kwanza, na jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika zamani. Mumewe ni Pan Rasmini. Rasmini mwenyewe yuko mjini Denpasar, anauza miwani.

Pan Rasmini ndiye pekaseh, mkuu wa subak, chama cha maji cha wakulima. Kila jaruba la mpunga linalokunywa maji ya mfereji wa Yeh Lumut liko chini ya mdomo wake: yeye ndiye anayesema lini maji yafunguliwe, lini wote wapande, lini wote walaze ardhi. Vikao hufanyika barazani kwake, wanaume watupu, na maisha yake yote ya ndoa Men Rasmini amekuwa akiwapelekea kahawa. Wanaume hawajui, ila mleta kahawa ni mtu wa kuogopwa. Anasikia kila kitu, na kwa kuwa hakuna anayemwuliza maoni, maoni yake yanabaki mazima, hayajapunguzwa na mtu.

Maoni hayo yalikosa pa kwenda mpaka ulipokuja mchezo wa kwenye simu unaoitwa Bustani Tele. Rasmini ndiye aliyemwekea mama yake, akamwambia unatuliza moyo. Sababu ya kweli ni kwamba mama alikuwa anampigia simu kazini asubuhi nzima kumwuliza amekula nini. Katika Bustani Tele unapewa kiwanja, unapanda, unamwagilia, unasubiri, unavuna. Jirani akikumwagilia, mazao yanakomaa upesi zaidi. Ukichelewa kuvuna, yanaoza. Men Rasmini aliangalia kidogo, akabenua midomo.

"Huu ndio upuuzi mnaolipia bando?"

Kesho yake alikuwa na vitanda kumi na sita vya mchicha.

Haukupita mwezi akawa na kikundi cha wanawake wa mtaani kwake, wote wake wa wanachama wa subak, wote wapeleka kahawa. Kikundi akakipa jina la mfereji, Yeh Lumut. Halafu akaanza kutawala.

Kwenye mchezo ule kuna panya. Panya hutoka bustani hadi bustani wakifuata palipoiva. Vikundi vingine hupanda kila mtu kwa wakati wake, huyu leo, yule keshokutwa, kwa hiyo panya wanahamahama kama wageni wa arusi na hawakosi pa kula. Men Rasmini aliliona hilo mapema, maana ndilo jambo ambalo mumewe amelipigia kelele barazani tangu akiwa na nywele nyeusi. Akatoa amri: wote tunapanda siku moja, wote tunavuna siku moja, na baada ya mavuno ardhi inalala, asipande mtu hata kitunguu.

"Ardhi ya kwenye simu nayo inachoka?" aliuliza Men Sandat. Huyu ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiye na dogo.

"Haichoki. Panya ndio watachoka. Wewe laza."

Wakalaza. Panya wakala kidogo hapa, kidogo pale, kisha wakafa njaa. Msimu ule Yeh Lumut wakavuna mpaka mchezo ukawatumia fataki kwenye kioo. Msimu uliofuata wakapanda daraja, na uliofuata tena wakaingia Ligi ya Mlima, wanakocheza watu wasiolala, Wakorea na Wabrazili. Aliyekosa kumwagilia asubuhi alipigwa faini ya kufagia ua wa hekalu la mfereji. Hapo simu haikuhusika. Ulikuwa ua wa kweli, kwa ufagio wa kweli, huku Men Rasmini amesimama langoni ameshika kiuno.

Pan Rasmini alisema neno moja tu kuhusu mambo hayo, kwamba shamba lisilotia tope miguuni ni porojo. Lakini mkewe alishamfuma akichungulia juu ya bega lake, na siku moja alimsikia akinong'ona peke yake, "Fungeni maji sasa, yametosha."

Mwanachama wa mwisho kuingia hakuwa wa mtaa ule. Siku hiyo Men Rasmini alikuwa anamenya vitunguu, ombi likatokea kwenye kioo: Suweni, Parigi. Akaweka kisu chini.

Parigi iko kisiwa cha Sulawesi, ng'ambo, ambako serikali iliwapeleka watu wa Bali wasio na ardhi wakalime kakao. Suweni ni mdogo wake, tumbo moja. Walikuwa hawajasemezana tangu mwaka mama yao alipofariki na mwili wake kuchomwa kimila. Boti ya Suweni ilichelewa. Alipofika, moto ulishazimika na majivu yalishapelekwa baharini. Maneno yakapita pale langoni, na Suweni akageuka na begi lake lilelile, hata maji hakunywa. Rasmini wakati huo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Men Rasmini hakulijibu lile ombi kwa neno lolote. Alibonyeza "kubali" akarudi kwenye vitunguu, na machozi ya siku ile yakawekwa kwenye hesabu ya vitunguu.

Tangu hapo, kila alfajiri, kabla mtu yeyote wa Tegalkayu hajafungua macho, Suweni alikuwa ameshammwagilia dada yake vitanda vyote. Men Rasmini naye, akimaliza kuweka sadaka za asubuhi kwenye kizingiti, anakaa kwenye ngazi na kummwagilia Suweni. Hawakuandikiana hata salamu. Mchezo una kitufe cha "asante kwa maji", wakawa wanabonyeza hicho. Hivyo ndivyo walivyoishi misimu yote ile. Ungewauliza kama wamepatana, kila mmoja angekwambia hapana, na wangekuwa wanasema kweli. Lakini kuna siku umeme ulikatika Parigi, vitanda vikabaki vikavu mpaka adhuhuri, na Men Rasmini akamgombeza kila aliyepita, mbwa akiwemo. Chakula kilimshinda. Umeme uliporudi na vitanda vikalowa, alikula sahani mbili.

Basi ukaja msimu wa boga.

Tangazo lilisema Ligi ya Mlima itafunga msimu kwa boga la majira, na kila boga litahesabiwa mara kumi ya mazao mengine. Chini yake kulikuwa na sentensi nyingine: makapu yanaanza upya, msimu unafungwa wiki moja baada ya mbegu kutolewa, na kikundi kitakachokuwa na kapu tupu siku hiyo kinafutwa, na wanachama wake wanagawiwa vikundi vingine kwa bahati nasibu. Hiyo hakuna aliyeisoma mara mbili. Yeh Lumut na kapu tupu wapi na wapi?

Mbegu zilitolewa Jumatano, na dunia nzima ikapanda Jumatano. Men Rasmini alitazama kalenda ya ukutani, ile yenye siku njema na siku mbaya, akawaambia wenzake waliokuwa wamekaa jikoni kwake, simu mkononi, "Tunapanda Ijumaa."

"Ijumaa tena?" Men Sandat alikuwa ameshanyoosha kidole. "Mbegu hizi hapa."

"Jumatano ni siku ya kupanda maua. Boga ni tunda. Matunda Ijumaa."

"Boga nalo lina maua. Mimi nayapika."

"Unayapika, huyavuni. Ijumaa."

"Na Nyepi je? Jumatano ijayo ni Nyepi."

"Nyepi naijua ni lini, Men Sandat, mimi sikushuka na meli. Tukimwagilia wote asubuhi na jioni, Jumanne mchana yameiva. Tunavuna, tunazima simu, tunaingia kwenye kimya na mali iko ghalani."

"Basi tubakize kitanda kimoja kimoja cha viazi, kwa tahadhari."

"Panya wale viazi wapate nguvu za kufika kwenye maboga? Vitanda vyote. Boga tupu."

Wakapanda Ijumaa, wote kwa pamoja, boga tupu.

Nyepi ndiyo mwaka mpya wao, siku ya kimya. Hakuna kutoka nje, hakuna moto wala taa, hakuna kazi, hakuna starehe. Ndege haziruki. Siku hizi hata mtandao wa simu unakatwa kisiwa kizima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili ya kesho yake. Men Rasmini alilijua hilo kama anavyoijua njia ya jikoni kwake, na hesabu yake ya maboga haikuwa na kosa hata la nukta. Alichosahau ni watu. Wiki ya kuelekea Nyepi hakuna mwanamke wa Bali mwenye mkono mtupu. Jumapili kuna kuwapeleka miungu baharini kutakaswa. Jumatatu kuna kusuka sadaka, na ukimaliza za nyumbani kuna za hekalu, na ukimaliza za hekalu kuna za njia panda. Jamani, mtu amechagua siku ya kupanda kwa kuwaheshimu miungu, halafu akasahau kwamba miungu haohao wiki hiyo wana kazi zao za kumpa! Mimi nilipoambiwa nilicheka mpaka nikaombwa nitoke nje.

Yeye mwenyewe, mkuu wa amri, simu yake ilishinda chini ya kapu la majani ya mnazi tangu Jumapili asubuhi. Aliyemwagilia ni Suweni peke yake, kila alfajiri, bustani ya kila mtu. Lakini mikono ya mtu mmoja haitoshi vitanda vya watu wote wale.

Jumanne mchana Men Rasmini akaitoa simu kapuni ili wavune. Kioo kikamwambia maboga yataiva kesho, saa tatu asubuhi, na jioni yataoza.

Akasoma. Akabadilisha miwani. Ana miwani nyingi, maana bintiye anaiuza, na yote ilisema jambo lilelile.

Aliwaita wenzake, wakaja mbio na vidole vya kijani kwa majani. Huko nje vijana walikuwa wanayatoa masanamu ya mapepo kwa ajili ya maandamano ya jioni, ngoma zinapigwa mpaka vyombo vinatetemeka rafuni. Wanawake wakamwagilia hapo hapo, mara zote zinazoruhusiwa kwa siku, na saa ikarudi nyuma kutoka saa tatu mpaka saa moja asubuhi. Hapo ikagoma. Mtandao unakatwa saa kumi na mbili.

"Saa moja tu!" alisema Men Sandat. "Saa moja ndiyo inatufuta!"

Hakuna aliyetaja viazi. Men Rasmini angeshukuru kama wangevitaja, angalau angepata wa kugombana naye.

"Kuna mwanangu," alisema Men Sandat. "Yuko zamu hotelini, analala hukohuko, na hoteli ina mtandao wa waya. Tumpe simu zetu."

"Simu za kikundi kizima kwenye mfuko mmoja. Akae sebuleni siku ya Nyepi, anavuna maboga, wageni wanampiga picha."

"Avunie chooni."

"Hapana."

Ngoma zikapita, zikapungua. Men Sandat akasogeza kiti.

"Haya. Yuko mmoja ambaye kwake mtandao haukatwi."

Kila mtu alimjua.

"Parigi nako wanashika Nyepi," alisema Men Rasmini. "Ni watu wetu walewale."

"Wanashika, sikatai. Lakini mtandao wao upo. Na mchezo unaruhusu mtu mmoja awavunie wenzake wote, ukimpa ruhusa. Sisi tumeshampa, wakati wewe unabadilisha miwani. Imebaki ya kwako. Kidole kimoja tu, Men Rasmini, hata jasho halitoki."

"Siku ya Nyepi hakuna kazi."

"Hii si kazi. Ni mchezo."

"Siku ya Nyepi hakuna michezo."

Men Sandat akafikiri. "Basi ni kazi kidogo na mchezo kidogo."

"Umeokota makosa mawili ukayafunga pamoja, sasa unaniuzia kama zawadi."

Wengine wakacheka, Men Sandat hakucheka. Alimwangalia jirani yake moja kwa moja usoni. "Sisi tukifutwa tunapoteza nini? Kesho kutwa tutaonana hapahapa mferejini, utatupigia kelele kama kawaida. Anayepotea ni yule. Utampata wapi tena, wewe na ukaidi wako huo? Au utamwagilia ukuta?"

Lilimchoma mpaka ndani. Men Rasmini alitazama kikombe chake, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Msimtie mdogo wangu dhambini," alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita Suweni mdogo wake. Wanawake wakamaliza kahawa, wakaenda kuwatafuta watoto wao kwenye maandamano.

Men Rasmini akabaki peke yake jikoni, akampigia Rasmini.

"Nipe namba ya mama yako mdogo."

"Mama, uko mzima?"

"Namba."

Rasmini alikuwa nayo. Alikuwa nayo siku zote, kumbe, na wala haikumchukua muda kuitafuta, jambo ambalo mama yake aliliweka akilini kwa ajili ya ugomvi wa siku nyingine. Kuandika ujumbe kwenye kikundi kungekuwa rahisi zaidi, lakini angejuaje kama umesomwa? Akapiga. Ikaita mara moja tu.

"Suweni."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. "Dada."

"Kesho usiyaguse maboga. Yangu wala ya mtu yeyote. Hata wakikupa ruhusa."

"Wameshanipa."

"Ndiyo maana nakupigia. Kesho ni Nyepi."

"Yataoza, dada."

"Najua."

"Kikundi kitafutwa."

"Kusoma najua, Suweni."

Kulikuwa na jogoo huko Parigi, anawika saa isiyo yake.

"Haya," alisema Suweni. "Sitayagusa."

Men Rasmini akakata simu. Aliketi pale na mkono kifuani, na alipoitwa aje alione sanamu la pepo lenye ulimi wa godoro, alisema kichwa kinamwuma. Miaka yote ile alikuwa anajiuliza sauti ya mdogo wake sasa ikoje. Ilikuwa nzito kidogo. Ilifanana na ya mama yao, na hilo hakulitegemea.

Saa kumi na mbili asubuhi mtandao ukakatika. Kijiji kikanyamaza. Njiani hakupita mtu isipokuwa walinzi wa mila na sarong zao, vikoi vya mirabaraba, wanatembea taratibu kuhakikisha hakuna anayepika wala anayechungulia. Men Rasmini alikaa kwenye mkeka barazani, amefunga kula, mikono mapajani, mfano mzuri kwa mtaa mzima.

Nitasema wazi kilichokuwa moyoni mwake, kwa sababu yeye hatasema. Alitaka Suweni avune. Alitaka hivyo kwa nguvu zake zote, tangu saa moja asubuhi maboga yalipoiva, na kadiri kivuli cha ukuta kilivyosogea ndivyo alivyozidi kutaka. Amri aliitoa, na amri ilikuwa sawa, hata leo ukimwuliza atakwambia ilikuwa sawa. Lakini Suweni amekuwa mkaidi tangu anatambaa! Alikatazwa kupanda mti, alipanda. Alikatazwa kuolewa na yule kijana wa ng'ambo ya mto, aliolewa. Alikatazwa Sulawesi, akaenda. Mtu wa namna hiyo anaambiwa "usiguse", anafanya nini? Anagusa. Men Rasmini alimtegemea mdogo wake kwa ukaidi huo siku nzima, huku amekaa na adabu zake zote pale kwenye mkeka.

"Unatazama nini?" alinong'ona Pan Rasmini.

"Sitazami kitu."

"Umeitazama saa ya ukutani mpaka nimeionea huruma."

"Nyamaza, ni Nyepi."

Giza lilipoingia nyota zikatoka nyingi mno, kama zinavyotoka usiku huo tu, kisiwa kizima bila taa. Pan Rasmini akamwambia atazame. Hakutazama. Maboga yalikuwa ama yako kapuni ama yameoza, na yeye hakuwa na njia ya kujua.

Asubuhi iliyofuata ni siku ya watu kutembeleana na kuombana radhi. Mtandao uliporudi, simu ikaanza kulia mfululizo. Men Rasmini aliifungua akiwa amesimama, kitambaa cha hekaluni begani.

Vitanda kumi na sita, vyote vyeusi. Akafungua bustani ya Men Sandat: nyeusi. Akazifungua zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kama mumewe anavyokagua majaruba baada ya mafuriko. Kisha kioo kikafunikwa na maandishi: *Kapu lenu ni tupu. Kikundi cha Yeh Lumut kimefutwa. Asanteni kwa kushiriki!* Na fataki. Kumbe fataki wanarusha hata kwa wanaofutwa. Bustani yake ilikuwa imehamishiwa kwa watu ambao majina yao yameandikwa kwa herufi za kukunjakunja, na mmoja wao alishamtumia picha ya nyanya inayotabasamu. Akamtafuta Suweni kwa jina. Mchezo ukamjibu kwamba si jirani yake, kwa hiyo hawezi kumwona.

Hakukaa chini. Alipiga namba ile, na safari hii haikumaliza hata kuita.

"Kwa nini hukuvuna?"

"Dada?"

"Nakuuliza, kwa nini hukuvuna?"

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza, ndiyo nilikukataza! Tangu lini wewe ukakatazwa ukasikia? Umekatazwa mti, ukapanda. Umekatazwa kuolewa, ukaolewa. Umekatazwa Sulawesi, hiyo hapo, uko Sulawesi! Maisha yako yote kichwa kigumu, leo ndiyo unapata masikio? Siku moja niliyotaka usinisikie, Suweni, siku moja tu!"

Alikuwa analia, na hakukuwa na kitunguu popote. Pan Rasmini alikuja mpaka mlangoni, akaona, akarudi alikotoka. Langoni kulikuwa na Men Sandat na kapu la vikeki, amekuja kuomba radhi za siku ile. Naye akasimama hapohapo, hakuingia.

Suweni alimwacha amalize.

"Huo mti alinikataza baba," alisema. "Kuolewa alinikataza baba. Sulawesi alinikataza baba. Wewe, dada, umenikataza mambo mawili tu tangu nizaliwe."

"Mawili gani?"

"La juzi ni nisiyaguse maboga. Jana nimeshinda na simu mapajani, imezimwa, mtandao upo, watoto wananiambia mama washa mara moja tu, hakuna atakayejua. Sikuwasha. Nimewasha leo, nimekuta kama ulivyokuta wewe." Akavuta kamasi. "La kwanza ulinikataza pale langoni, siku ile na begi langu. Ulisema nisikanyage tena ua huu. Nimekanyaga?"

Men Rasmini aligeuka akatazama lango.

"Nimekanyaga, dada?"

"Hujakanyaga."

"Sijakanyaga. Mume wangu alikuja Bali kuzika mara tatu, mimi nikabaki na kakao. Watu wakaniambia nenda, dada yako alisema kwa uchungu tu, hasira zimeshakwisha. Nikawaambia akitaka nije atasema. Yeye ni mtu wa kusema. Sasa wametutenganisha huku. Asubuhi hii nimeamka nikumwagilie, nimekutafuta sikuoni. Sina tena pa kukumwagilia maji. Kwa hiyo niagize kitu kingine, dada. Maagizo yako mimi nayaweza."

Pale langoni Men Sandat alikuwa ameshaweka kapu chini. Men Rasmini, mwanamke aliyeagiza panya, majirani na misimu, alipangusa uso kwa kitambaa cha hekaluni. Kisha akafungua mdomo, akaagiza.

"Njoo," alisema, na kwa kuwa ilitoka kama mnong'ono, akaagiza tena.